Aliyenyamazishwa Bandani

Aliyemwambia Mshonaji kwanza habari hii alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, anayefagia pale kwenye makumbusho ya kambi. Alimwambia kwa utani, maana wifi huyo hata msibani hakosi neno. Walikuwa wamesimama getini, ndoo ya maji mkononi mwa mmoja, mtoto mgongoni mwa mwingine.

"Wifi, humu ndani tazama unachotaka. Hata ukivunja kioo nitasema ni paka. Ila ukifika banda la wanawake, mtoto akilia, usimbembeleze. Mtoe nje kwanza. Ukishatoka, mbembeleze mpaka uchoke."

"Kwa nini?"

"Vumbi."

"Wifi, mimi si mgeni."

Wifi akatazama nyuma yake, akapunguza sauti. "Wageni ndio tunawaambia vumbi. Sisi wenyewe, kuanzia mfagiaji mpaka mkubwa na tai yake, hakuna anayemnyamazisha mtoto mle ndani. Mtoto wa mgeni akianza kulia, utamwona mkubwa anatoka ofisini mbio, anambeba, anampeleka uwanjani, kama nyumba inaungua. Nilikuta hivyo, nami nafanya hivyo. Usiniulize zaidi."

Mtaani kwao walimwita Mshonaji, kwa sababu cherehani yake ilikaa dirishani na kila apitaye aliiona. Mumewe alikuwa muoka mikate, mtu wa kutoka kabla jogoo hajafikiria kuwika, na kurudi na unga kwenye nyusi. Mtoto wao wa kwanza, wa kike, alikuwa hajaanza hata kutambaa. Alikuwa na mikono yenye pingili za mafuta, wakamwita Kibonge, na jina likamkaa. Tangu ajifungue, Mshonaji hakuwa ametoka isipokuwa kwenda kliniki na dukani. Ndiyo maana wifi yake alimwambia, njoo utembee, utaota ukungu humo ndani.

Kambi ilikuwa ya wakati wa vita. Wanaume walifungwa kwingine. Hapa waliwekwa wake zao na watoto. Wifi alimpitisha kwenye seng'enge, kwenye jiko lenye masufuria makubwa yaliyotoboka, kwenye chumba chenye vikombe vya bati vilivyopangwa rafuni. Ndani ya kioo kimoja kulikuwa na kiatu cha mtoto, upande mmoja tu, kamba zake zimepigwa fundo juu ya fundo, namna mama anavyofunga ili kisimvuke mtoto njiani. Mshonaji alikitazama kile kiatu mpaka wifi akamvuta mkono.

"Ukianza kulia hapa, wifi, huko mbele utazimia."

Banda la wanawake lilikuwa refu, la mbao, na vidirisha vidogo juu kabisa. Vitanda vilikuwa mbao tupu, kimoja juu ya kingine, mbao zimelainika katikati kwa migongo ya watu. Bango la mlangoni lilieleza kwamba kila alfajiri akina mama walitolewa kwenda kuponda mawe, na watoto wakafungiwa humu mpaka jioni. Mtoto akisikika analia, mama yake alinyimwa chakula. Kwa hiyo akina mama waliwafundisha watoto wao kulia bila sauti.

Huko nje mtu akaita, maji yamemwagika chooni. Wifi akasonya, akashika ndoo yake. "Nakuja. Usikae sana."

Mama anayenyonyesha anajua jambo moja: kabla sikio halijasikia, kifua kimeshasikia. Mshonaji alikuwa amesimama katikati ya vile vitanda, na maziwa yakamshuka, blauzi ikalowa, ndipo akasikia mtoto analia. Kilio kidogo, cha puani, cha mtoto aliyekwisha kulia sana. Hakufikiri. Alipeleka mkono mgongoni, akampigapiga Kibonge matakoni, akajitikisa huku na huku kama alivyozoea.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza. Mama yuko hapa."

Kilio kikakatika papo hapo, kama bomba lililofungwa.

Na katika ukimya ule akasikia pumzi shingoni mwake, nzito, ndefu, za joto. Kibonge alikuwa amelala fofofo. Alikuwa amelala tangu jikoni.

Mshonaji alitoka mle ndani asijue miguu imemtoaje. Wifi alipomkuta nje kwenye jua akamwuliza, "Mbona umekuwa kama umeona jini?" Akajibu, "Vumbi." Aliona haya. Kuambiwa jambo moja tu, tena getini, halafu kulivunja hilo hilo!

*

Mwanzo lilikuwa jambo dogo. Aliamka asubuhi na ziwa la kulia limejaa mpaka linauma, kama kawaida, na la kushoto ni jepesi, limelegea kama mfuko uliokwisha kumwagwa. Alidhani Kibonge amenyonya usingizini. Lakini Kibonge alikuwa upande wa ukutani, mdomo mkavu, macho wazi, anamtazama.

Kisha ikaja harufu ya mbao zilizolowa na blanketi lisilopata jua. Mumewe alinusa godoro, akalitoa nje, akalianika siku nzima. Jioni walipolirudisha harufu ilikuwa imerudi kabla yao.

"Mama Kibonge," mumewe alisema, "una uhakika mtoto hakojoi pembeni? Au ni wewe?" Akacheka peke yake. Mshonaji hakucheka.

Kibonge akaanza kulikataa ziwa la kushoto. Akisogezwa kwake, aligeuza uso, akashika nguo ya mama yake kwa vidole vyote, na macho yake yakapita juu ya bega la mama kutazama kitu kilichokuwa karibu sana. La kulia alinyonya kidogo, akaacha mapema, kama mtu aliyeambiwa wengine nao wanangoja. Pingili za mikononi zikaanza kulegea.

Muuguzi wa kliniki alimpima, akapima tena.

"Maziwa unayo?"

"Ninayo, dada."

"Yanakwenda wapi?"

Mshonaji akaanza kumvisha mtoto nguo.

"Na mtoto mwenyewe halii? Nimemchoma sindano hapa, hata kukunja uso."

"Siku hizi halii."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mtoto mwenye njaa anayelia simwogopi. Huyu wako ananitisha. Akiendelea hivi nitamlaza hospitali, sitakuomba ruhusa."

Walirudi nyumbani mchana, jua kali, mtaa mzima umejaa kelele za watu. Mshonaji akamlaza Kibonge kitandani, akaacha mlango wa chumbani wazi ili amwone, akaketi kwenye cherehani kumalizia sare za wanafunzi. Alikuwa anakanyaga, kitambaa kinakwenda, mawazo yako kwenye mizani ya kliniki, aliposikia sketi yake inavutwa pale chini, karibu na kifundo cha mguu. Ilivutwa kidogo, ikaachwa, ikavutwa tena, kama mtoto anavyofanya akitaka kubebwa. "Subiri, mwanangu, mama anamalizia," alisema, akakanyaga mishono mingine kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba mwanawe hajui kutambaa, kwamba mwanawe yuko kule kitandani na anamwona kutoka pale alipoketi, na kwamba tayari, kwa mara ya pili, amekiita kitu kile mwanawe.

Sketi ikaachiliwa. Hakuangalia chini. Alitazama kitanda tu, na akamwona Kibonge anakunja uso, anafungua kinywa, anavuta pumzi ya kulia, kilio cha kweli cha njaa ambacho mama yake alikuwa amekitamani siku zote zile, na kabla sauti haijatoka, godoro lililokuwa tupu kando yake likabonyea taratibu kama limekaliwa na mtu mdogo, na pale palipobonyea pakatoka sauti laini, ya upole kabisa, sauti ya mtoto mkubwa kidogo anayemlea mdogo wake: "Shhh. Usilie. Wakisikia, mama hatapewa chakula." Na Kibonge akafunga kinywa chake, akameza kile kilio, na machozi yakamtoka bila sauti yakaingia masikioni.

*

"Ulimnyamazisha mle ndani," wifi alisema, alipoitwa nyumbani kwao. Hakuuliza.

"Nilidhani ni Kibonge."

"Wifi, nilikwambia!"

"Uliniambia vumbi!"

"Nilikwambia vumbi, halafu nikakwambia ukweli!" Wifi akaketi sakafuni ghafla, akajishika kichwa. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Wewe na maziwa yako. Hata paka akilia mtaa wa pili, blauzi inalowa."

Muoka mikate alikuwa amesimama mlangoni, unga kwenye nyusi. Alimtazama mwanawe aliyelala kimya na shingo yake ilivyokuwa nyembamba, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, unamjua mtu?"

Dada yake alimjua mtu. Mganga alikuja kesho yake, mwanamke mnene mwenye mafua, na leso aliyoificha kwenye mkono wa gauni. Hakuomba chochote. Alinusa godoro, akapiga chafya, akamwomba Mshonaji afungue blauzi. Akalishika ziwa la kushoto kwa kiganja.

"La baridi," alisema. "Kama nyama ya sokoni asubuhi. Nani anakunyonya, binti?"

Mshonaji akamweleza yote. Mganga alisikiliza, anafuta pua.

"Yapo majini ya kufukuzwa kwa moshi na ukali. Hili hutaliweza hivyo, maana halikuvamia. Limeitwa, likaja. Mdomo uliolialika ndio utakaolirudisha, na pale pale lilipoalikwa. Utaingia, utaketi, likikupanda mapajani utaliambia: mimi si mama yako, mama yako amekufa. Kisha utatoka. Usigeuke. Likisema neno, usilijibu hata kwa kukohoa."

"Na kama ni mtoto kweli?" Mshonaji aliuliza. "Kama ni yule wa mle bandani?"

"Ni jini." Mganga alisema hivyo haraka. "Linaingia ndani ya kilio cha marehemu kama nyoka anavyoingia shimo la panya. Shimo la panya, lakini nyoka ni nyoka. Ukilihurumia, utamzika huyu." Akamnyooshea kidole Kibonge. "Unaye wako, binti. Mmoja anakutosha."

*

Walikwenda jioni, wageni walipokwisha kutoka na jua bado liko juu ya seng'enge. Wifi alikuwa na funguo. Mganga alibaki nje ya geti na Kibonge kifuani, pamoja na muoka mikate ambaye alikuwa anasaga meno. Wifi alimsindikiza mpaka mlango wa banda, akataka kutania, midomo ikamcheza tu. Akamshika mkono.

"Wifi, mimi nipo hapa. Siendi popote."

Mshonaji akaingia, akaketi kwenye kitanda cha chini, kwenye ule ubao uliolainika. Mwanga wa vidirisha ulikuwa umelala ukutani, mwekundu. Harufu ilikuwa ile ile ya godoro lake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba huko nyumbani mwake muda wote huo mtoto huyu alikuwa amekuja na kitanda chake.

Hakungoja sana. Kwanza ziwa la kushoto lilijaa, likauma, likaanza kutiririka lenyewe, kisha ubao ukalia kidogo kando yake, kisha uzito ukampanda mapajani, uzito mdogo kupita kiasi, wa mtoto mwenye umri wa kuweza kusema lakini mwepesi kama kapu tupu, na baridi ikaingia kupitia nguo mpaka mfupani, na kichwa asichokiona kikalala kwenye mkono wake pale pale kichwa cha Kibonge kinapolala, kikajisogeza, kikatafuta, na mkono mdogo wenye vidole vikavu ukamshika kidole gumba ukakikaza, namna watoto wote wa dunia wanavyoshika wanaponyonya, na yeye aliyekuja na maneno mdomoni akajikuta anajitikisa huku na huku, huku na huku, kwa sababu mwili wake haukujua kuketi na mtoto mapajani usijitikise.

Aliuma ulimi mpaka akaonja damu. Ndipo akasema.

"Mimi si mama yako."

Kunyonya kukakoma.

"Mama yako amekufa."

Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Wifi alimwambia majini hupiga mayowe, mganga alimwambia hutukana, yeye mwenyewe alikuwa amekaza shingo akingoja meno. Hapakuwa na kitu. Kisha ile sauti laini, karibu na shingo yake, ikasema:

"Lakini nilinyamaza."

Mshonaji akafumba macho.

"Uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Sikulia tena hata mara moja. Na mdogo wangu nimemfundisha."

Alisimama. Uzito ukateleza ukafika chini, na kile kidole gumba chake kilikuwa bado kimeshikwa. Akaanza kutembea. Kitu kikatembea naye kando, hatua fupi fupi, hatua moja yenye kiatu na moja isiyo nacho, ko, pa, ko, pa, kwenye zile mbao, kinafanya haraka kisiachwe, na yeye alitazama mlango tu, kwenye mwanga, kwenye kivuli cha wifi yake, akijisemea moyoni ni jini, ni jini, ni nyoka shimoni.

Walipofika kizingitini, hatua zikasimama. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya kile kiganja. Angeweza kukivuta kwa nguvu, na ndivyo alivyokusudia, lakini hakuhitaji.

"Nitanyamaza zaidi," sauti ikasema. "Nitanyamaza sana. Halafu utarudi."

Na kile kiganja kikamwachia chenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa utii.

Hakujibu. Hakugeuka. Alitoka, wifi akafunga mlango nyuma yake, na kutoka getini kikaja kilio cha Kibonge, kikubwa, cha hasira, cha mtoto anayedai haki yake. Muoka mikate alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anarukaruka mbele ya mganga kama mtu aliyeokota mwanawe barabarani. Mshonaji aliketi kwenye majani pale pale, akatoa ziwa, na Kibonge akalivamia la kushoto na la kulia, anakoroma kwa tamaa.

Mganga alimsogelea. "Likifukuzwa huwa linavunja vitu," alisema polepole. "Au linatukana wazazi wa mtu. Lako lilifanya nini?"

"Halikufanya kitu," Mshonaji alisema. "Lilisema sawa."

Mganga akatoa leso yake, akafuta pua, akakaa nayo usoni muda mrefu. Aliondoka bila kuaga, na hakumtazama tena Mshonaji machoni.

*

Asubuhi iliyofuata Mshonaji alimfunga mtoto mgongoni akatembea mpaka kwenye kambi. Alisimama nje, upande wa nyuma, ambako seng'enge inapita karibu na banda. Wifi alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona alitupa ufagio akaja mbio.

"Wifi! Njoo usikie maajabu. Kuna mtalii kaingia na mapacha, wote wawili wamelia mle ndani, wamebembelezwa mpaka basi, na hakuna lililotokea. Mkubwa alichelewa kuwatoa, akasimama mlangoni anatoka jasho. Hakuna! Tangu niajiriwe sijasikia banda kimya hivi. Zamani ukifagia asubuhi ulisikia kakilio huko kwenye kona, unajifanya husikii. Leo, hata panya." Akamshika mabega kupitia waya. "Umelimaliza, wifi. Limekwenda zake. Mbona hufurahi?"

"Nafurahi."

"Basi cheka kidogo."

Mshonaji alitega sikio. Vidirisha vidogo vilikuwa wazi. Hakikutoka kitu mle ndani, hata pumzi. Kilikuwa kimya cha mtu anayejibana, anayejitahidi, aliyeziba kinywa kwa mikono miwili. Na bila kusikia kilio chochote, blauzi yake ikaanza kulowa upande wa kushoto.

Aliweka kiganja juu ya ziwa, akalikandamiza kwa nguvu, akaendelea kulikandamiza mpaka likaacha. Kibonge akaanza kulia mgongoni, kwa sauti yake yote.

"Mnyamazishe basi," wifi alisema, "sasa hakuna neno tena."

Mshonaji alikaza fundo la mbeleko, akashika njia ya nyumbani. Mtoto alilia mtaa wa kwanza, akalia mtaa wa pili, watu wakachungulia madirishani kuona ni mama gani huyo, naye alimwacha alie.